Kutu, Ukwaju na Mafuta ya Pamba: Namna ya Kuokoa Kikaango cha Chuma

Kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, kitoe kile kikaango kizito kilicholala nyuma ya jiko ukitazame mchana kweupe. Mnunuzi atakiweka kwenye mzani pamoja na springi za gari na majembe yaliyokatika, akulipe kwa kilo, na habari imeisha. Lakini chuma cha vitumbua, au bapa zito la kuchomea chapati, kinaweza kukaa uani misimu miwili ya mvua, kikawa chekundu juu na chini, na bado ndani kikawa kizima. Kutu huanza kula juu juu. Ukiiwahi, kazi ya siku moja na mafuta yasiyofika nusu kikombe vinatosha kukirudisha motoni.

Bariadi, mkoani Simiyu, kama kwingine kwingi nchini, sufuria za nyumbani karibu zote ni za alumini. Chuma kimebaki mikononi mwa watu wa kazi: anayeuza chapati na chai stendi, mkaanga chipsi, mama wa vitumbua ambaye moto wake unawaka kabla ya adhana ya alfajiri. Hao hawahitaji kufundishwa na mtu. Mwongozo huu ni wa yule aliyerithi chuma kutoka kwa bibi, au aliyekiokota mnadani kwa bei ya kutupa, akajaribu kukipikia mara moja, unga ukaganda, akakata tamaa.

Jua kwanza umeshika nini

Tafuta sumaku. Kila fundi redio ana spika iliyokufa, na nyuma ya spika kuna sumaku nzuri tu. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa umeshika alumini, na kazi yote inayofuata haikuhusu. Usishangae: baadhi ya vifaa vinavyoitwa "chuma cha vitumbua" sokoni ni alumini iliyoyeyushwa kutoka vipuri vya magari, makopo na sufuria mbovu. Ni vyepesi, vinang'aa, wala havioti kutu nyekundu. Utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu sufuria za namna hiyo kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo, ulikuta baadhi yake zinatoa risasi inayoweza kuingia kwenye chakula. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nipende chuma, hata kama kinachosha mkono.

Kisha angalia kilitengenezwaje. Chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ni kinene, ni kizito kuliko macho yanavyokadiria, na mkono wake umetoka pamoja na mwili, bila ribiti wala alama ya kuchomelea. Karai la chipsi au la mandazi ni kitu kingine: ni bamba lililopigwa nyundo likachukua umbo, masikio yakachomelewa baadaye. Bamba ukiliangusha linabonyea. Chuma cha kumimina hakibonyei, kinapasuka. Tofauti inaletwa na kaboni: chuma cha kumimina kina kaboni ya asilimia 2 hadi 4, na bamba la karai kwa kawaida halifiki hata 1. Warongo, wahunzi wa kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria ambao majembe yao yalilima Usukuma kwa vizazi, walikifua chuma kwa nyundo, hawakukimimina. Ndiyo maana vyungu vya zamani vya huku ni vya udongo. Kikaango cha kumimina ni mgeni. Umbo la chuma cha vitumbua lina ndugu yake India Kusini, ambako hupikiwa vimaandazi vya mchele vya mviringo vinavyoitwa paniyaram.

Karai la bamba na kikaango cha kumimina vyote viwili hupokea mafuta kwa namna moja. Vinachotofautiana ni uvumilivu, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza chuma kizuri.

Tafuta ufa kabla ya kutoa jasho. Ning'iniza kikaango kwa kidole, ukigonge ukingo kwa kijiko cha mti. Kizima huita, sauti ikakaa kidogo. Chenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa. Usiporidhika, kuna njia ya karakana ambayo haihitaji kifaa chochote: paka mafuta ya taa kidogo sehemu unayoitilia shaka, subiri robo saa, futa kwa kitambaa kikavu mpaka pasiwe na unyevu, halafu paka chaki pale pale. Chaki nyeupe ya kawaida inatosha, na Maswa wanazitengeneza. Mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda taratibu na kuichora chaki mstari mweusi, mwembamba, unaofuata ufa wote mpaka unapoishia. Fanya hivyo nje, mbali na moto, kisha osha kwa sabuni na ukiache juani mpaka harufu iishe.

Ukiona mstari huo, usimpelekee fundi wa kuchomelea ukitarajia muujiza. Fimbo za kawaida za welding hukipasua chuma cha kumimina pembeni mwa kiraka kikishapoa; fimbo zinazokifaa ni zile zenye nikeli, na bei yake haina urafiki na mpishi.

Kuna vyuma ambavyo hata vikiwa vizima usivirudishe jikoni. Bariadi na Busega kuna machimbo madogo ya dhahabu, na wachimbaji huchoma zebaki juu ya chochote kinachostahimili moto: beleshi, bati, kikaango. Kando ya ziwa, wavuvi huyeyusha risasi kwa ajili ya nyavu. Kikaango kilichopita kwenye kazi hizo hakisafishiki kwa mchanga wala kwa siki. Kwa hiyo ukinunua mnadani, muulize muuzaji kimetoka kwa nani na kilikuwa kinafanya kazi gani. Akijikanyaga, mwachie. Na ukikuta chuma kikuukuu kimepakwa weusi unaoteleza na kunuka gereji, hiyo ni oili chafu imefunika kutu ili kipate mnunuzi. Kinaweza kufaa, ila shusha bei, na ukifika nyumbani anza na sabuni na maji ya moto mpaka harufu ile iondoke kabisa.

Kuondoa kutu

Anza pakavu. Brashi ya waya, mchanga wa mto, kipande cha tofali la kuchoma: vyovyote ulivyo navyo. Sugua mpaka vumbi jekundu liache kutoka, kisha ingia na msasa, namba 80 kwanza, halafu 120. Usitafute uso wa kioo. Chuma kilichong'arishwa mno hakina mahali pa kushikilia mafuta, na utando wake wa mafuta yaliyochomwa hubanduka mapema. Unachotaka ni uso wa kijivu, ulio sawa, usiokwaruza ncha ya kidole.

Matundu ya vitumbua ndiyo yanayochosha. Vidole haviingii vizuri na brashi haifiki chini. Chukua gunzi la mahindi lililokauka, lichonge ncha iwe duara, livalishe kipande cha msasa, kisha lizungushe ndani ya tundu huku umelikandamiza. Gunzi moja linamaliza chuma kizima, na umbo lake linakaa humo kana kwamba ndiyo kazi lililozaliwa nayo.

Kutu iliyozama kwenye vishimo vidogo vidogo haitoki kwa kusugua, inahitaji uchachu. Dukani utauziwa siki, ambayo unaichanganya na maji nusu kwa nusu. Lakini huku kwetu ukwaju upo tele, na kazi hiyo unaiweza. Loweka robo kilo ya ukwaju kwenye lita mbili za maji ya moto, uvuruge, uchuje, kisha zamisha chuma kikavu humo. Usiende shambani ukakiacha. Tindikali ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma chenyewe, na chuma kilichosahauliwa usiku kucha hutoka na vidonda visivyozibika. Kitoe kila nusu saa, kisugue kwa stilwaya, ukirudishe ikibidi. Saa moja au moja na nusu kwa kawaida inatosha.

Kikitoka, kioshe kwa sabuni na majivu kidogo ili kuua uchachu uliobaki. Hapo jiandae kwa kitu kinachowavunja moyo watu wengi: dakika chache tu baada ya kukiosha, chuma kinapata tena wekundu hafifu, kama vile hujafanya kitu. Ni chuma kitupu kukutana na maji na hewa. Visima vingine vya huku maji yake yana chumvi, na hayo hukiharakisha zaidi. Dawa yake ni kutokukiacha kijikaukie chenyewe. Kifute mara moja, kiweke jikoni juu ya makaa, kigeuze, mpaka kiwe cha moto kiasi kwamba mkono haukai. Wekundu ule mwepesi utafutika na kitambaa chenye mafuta katika hatua inayofuata.

Na kama tatizo si kutu, ni mafuta ya miaka mingi yaliyoganda kwa nje kama lami? Kwanza pima kama yanahitaji kutoka. Utando mzuri ni mweusi, mgumu, mwembamba, kucha haiuondoi. Gamba baya ni nene, lina mabonde, linabanduka vipande na kuanguka kwenye chakula. Gamba hilo huondolewa kwa maji ya majivu: jaza debe majivu ya kuni hadi theluthi, ongeza maji, koroga, acha yatulie, kisha chota maji ya juu na uchemshie chuma humo polepole kwa saa moja. Maji hayo yanaunguza ngozi. Vaa glovu na uwaweke watoto mbali. Kostiki ya watengeneza sabuni inafanya kazi hiyohiyo kwa kasi, lakini siipendekezi kwa nyumba yenye watoto, na usiiguse kamwe kama sumaku ilikuambia una alumini: itakula chombo huku ikitoa gesi inayoshika moto.

Kuna njia ya mkato ambayo nimeiona mara nyingi: kukitupa chuma katikati ya moto mkubwa gamba liungue lote. Karai la bamba linaweza kuvumilia, ingawa hutoka limepindapinda. Kikaango cha kumimina hupata joto upande mmoja kabla ya mwingine, kikavutana, kikapasuka. Na asiyepasua hapo hukipasua baadaye, pale anapokimwagia maji ya baridi ili kipoe haraka.

Mafuta gani

Watu hubishana sana hapa, na majirani wana majibu yao. Mmoja atakwambia samli, mwingine mafuta ya nguruwe, mwingine kitunguu. Kitunguu kinasaidia kusugua tu. Ili ujue mafuta yapi yanafaa, ujue kwanza yanafanya nini. Mafuta yakipakwa kwa wembamba na kupata joto la nyuzi 200 na zaidi za Selsiasi, chembe zake zinaungana na hewa na kushikamana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa kitu kimoja kigumu. Yanaacha kuwa mafuta. Ndiyo maana utando uliokamilika haunati wala haunuki. Mafuta yanayoganda haraka yakipoa, kama samli na ya ng'ombe, yana uwezo mdogo wa kushikamana hivyo. Mafuta ya mawese yaliyochujwa, yale ya dumu, yapo katikati. Yanayofaa zaidi ni yale yanayobaki majimaji hata asubuhi ya baridi: alizeti, na mafuta ya pamba.

Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa pamba, na mbegu yake ina mafuta ambayo zaidi ya nusu yake ni ya aina hiyohiyo inayoshikamana vizuri. Sioni sababu ya kuagiza kitu kutoka mbali. Hakikisha tu ni mafuta yaliyosafishwa kwa ajili ya kula, yenye rangi ya manjano iliyo wazi. Yale meusi yaliyotoka tu kwenye kinu bado yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba, na hayafai chomboni wala tumboni. Samli ya nyumbani ibaki kwenye wali, inakostahili.

Kitambaa nacho kichague. Khanga ya pamba iliyochakaa haina mpinzani. Vitambaa vya siku hizi vingi vina nailoni, na nailoni juu ya chuma cha moto inayeyuka na kubaki hapo. Chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba unaungua kuwa jivu jepesi na kunuka karatasi, wa nailoni unajikunja na kuwa shanga ngumu nyeusi. Wala usishawishike kutumia pamba ghafi kwa kuwa iko gunia zima stoo. Nyuzi zake hubaki kwenye mafuta, zinaungua, na unapata uso wenye manyoya.

Kuchoma

Sasa kazi yenyewe. Kipashe chuma moto mpaka kiwe vuguvugu la kushikika. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kinatosha kikaango kizima, ndani, nje, mkono na tako lake. Paka pote. Kisha chukua kitambaa kingine kikavu uanze kuyafuta yote, kana kwamba uliyapaka kwa bahati mbaya na mwenye mafuta anakuja. Futa mpaka uone hakuna kilichobaki. Kimebaki, kiasi hicho usichokiona ndicho unachokihitaji. Wengi wanaoshindwa hushindwa hapa: wanaona haya kukipa chuma mafuta kidogo, wanakiacha kinang'aa na kutiririka, na kesho yake wana uso unaonata kama gundi, wenye matone yaliyogandia ukingoni.

Joto linatakiwa litoke pande zote. Ovena ya umeme ni nzuri kwa aliye nayo. Asiye nayo anajua kupalia wali, na anayejua kupalia wali ana ovena. Washa jiko la mkaa, acha makaa yashike na miali iishe. Panga vipande vitatu vya tofali juu yake, weka kikaango kifudifudi ili mafuta yaliyozidi yadondoke, kifunike kwa karai kuukuu au mfuniko wa bati, kisha palia makaa juu ya mfuniko. Kuni na miti ya pamba vinafaa kuanzishia moto, lakini visikae chini ya chuma: miali yake huruka upande mmoja na masizi yake hushika kwenye mafuta mabichi.

Fanya yote haya nje. Mkaa ndani ya jiko lililofungwa unaua bila harufu, na moshi wa mafuta si wa kuvuta.

Hutahitaji kipimajoto. Baada ya muda moshi mwembamba wa kibuluu utaanza kutoka pembeni mwa mfuniko. Huo ndio mwanzo wa kazi, wala si alama ya kuunguza. Tunza moto uleule, ongeza makaa machache juu yakianza kufifia. Moshi utapanda, utakaa, kisha utapungua mpaka uishe wenyewe. Ukiisha, acha dakika kumi zaidi, halafu ondoa makaa ya juu na uache kila kitu kipoe polepole hapohapo. Kwa jiko la kawaida hilo huchukua kama saa nzima.

Funua utazame. Mara ya kwanza chuma huwa cha rangi ya kahawia, na mtu hudhani kimeharibika. Paka tena kijiko kingine, futa vilevile, choma vilevile. Mara ya pili kinaiva kuwa kahawia nzito. Ya tatu kinaelekea weusi. Ya nne kinakuwa cheusi kisichong'aa sana. Mara tatu zinatosha kwa kikaango cha chapati. Chuma cha vitumbua kipe nne, kwa kuwa mapishi yake hayana huruma.

Kikinata baada ya kupoa, usiongeze mafuta. Kirudishe motoni kikiwa kikavu, moto uwe mkali kidogo kuliko mwanzo, mpaka moshi uishe tena. Penye matone yaliyoganda, yaparue kwa msasa namba 120, paka pale palipobaki peupe, uchome tena. Hakuna kinachokulazimu kuanza upya.

Chakula cha kwanza

Usianze na vitumbua. Anza na bisi: mafuta kidogo, mahindi ya bisi, mfuniko. Baada ya bisi, viazi vitamu vya kukaanga au chapati za mafuta. Kila pishi la mafuta linaongeza kidogo kwenye utando. Karanga zisubiri, kwa maana huku huzikaanga kwa mchanga au chumvi, na mchanga juu ya utando mchanga utaurudisha kazini ulikotoka.

Kwa wiki chache za mwanzo kiepushe na vitu vichachu: mchuzi wa nyanya, ndimu, maziwa ya mgando, uji wa ukwaju. Uchachu ule uliokusaidia kuondoa kutu haujui kutofautisha. Unaula utando pia, na chakula kinakuwa cheusi chenye ladha ya msumari. Kikishakomaa, nyanya ya dakika chache hakiioni. Kuchemshia nyanya saa nzima, tumia sufuria.

Vitumbua vinataka utaratibu wake. Unga wa mchele uliolowekwa na kusagwa una maji mengi na sukari, na sukari ndiyo inayoganda. Pwani hutia tui. Huku nazi inakuja na basi, kwa hiyo wengi hutia maziwa, na maziwa yana sukari yake tena. Ukitumia maziwa, punguza sukari. Pasha chuma polepole mpaka joto lifike matundu yote, ya katikati na ya pembeni. Tia mafuta kila tundu, subiri yapate moto kweli, ndipo umimine. Unga ukigusa tundu lazima ulie. Halafu acha. Anayeanza kuchokonoa mapema ndiye anayeng'oa kitumbua nusu na utando pamoja. Kikiiva chini kinajiachia chenyewe, ukikigusa kwa kijiti kinazunguka.

Siku zote

Sabuni inaruhusiwa. Kuna imani kwamba chuma hakioshwi kwa sabuni, na imewafanya watu wapike juu ya mafuta yaliyochina. Sabuni ya kipande na maji vuguvugu haviwezi kuondoa utando uliokamilika. Kinachouua ni kulowekwa usiku kucha, stilwaya ya kila siku, chakula kulala humo, na kutokaushwa. Osha, futa, weka juu ya makaa yaliyobaki mpaka kikauke kabisa, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo na ukifute.

Mvua zikianza, unyevu huingia hata ndani ya kabati. Usikifunike kwa mfuniko wake. Weka karatasi kavu kati ya kikaango na chombo kingine, na kipande cha mkaa ndani kinyonye unyevu. Kama hutakitumia miezi kadhaa, punguza hata yale mafuta ya kufutia, maana mafuta yaliyokaa yanachina.

Pasi ya mkaa, kama bado unayo, mara nyingi ni chuma cha kumimina vilevile, na kutu yake hutoka kwa njia hizihizi. Uso wake wa kunyooshea tu usiupake mafuta, labda nta kidogo uifute ingali ya moto, la sivyo sare za shule zitakusimulia.

Kuhusu afya, yapo ya kweli na yapo ya kuongezwa chumvi. Utafiti uliofanyika Ethiopia na kuchapishwa katika jarida la Lancet 1999 uliwalinganisha watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma na waliopikiwa kwenye alumini, na wale wa chuma wakaongeza damu zaidi. Madini ya chuma hutoka kwa wingi kwenye chungu kinachochemsha mboga chachu, na kidogo sana kwenye kikaango chenye utando mzuri. Mjamzito aliyepungukiwa damu aende kliniki, asitegemee kikaango. Na kwa kuwa siko seli ipo sana Kanda ya Ziwa, mwenye mtoto anayeongezewa damu mara kwa mara amuulize daktari kabla ya kumpikia kwenye chuma kila siku, maana mtoto huyo anaweza kuwa tayari na madini ya chuma ya ziada mwilini.

Mwisho, waeleze wote wanaoosha vyombo nyumbani kwako, mgeni aliyekuja kusaidia harusini akiwa wa kwanza, kwamba weusi ule si uchafu. Kuna siku mtu atausugua kwa nia njema mpaka chuma kitoke cheupe. Hapo usigombe. Makaa ya chakula cha jioni yakiwa bado mekundu, kausha, paka kijiko kimoja, futa, palia, na kabla ya watu kulala utando wa kwanza utakuwa umerudi.